Hewa Ndani ya Paipu: Historia Fupi ya Lori la Dizeli Lililokataa Kuwaka

Ndugu msomaji, najua umezoea kunisoma hapa nikizungumzia programu na tarakilishi. Leo nakuomba univumilie kidogo, maana nitaandika kuhusu lori. Lakini usiondoke! Ukifika mwisho utaona kwamba ni yale yale tunayokutana nayo kila siku: mashine imegoma, watu wameizunguka, na kila mmoja ana jawabu kabla hajauliza swali.

Lori lenyewe ni la mjomba wangu, kule Kinangop Kusini. Ni lori dogo la tani 3, la dizeli, lililoundwa mwaka 1986, kwa hiyo linanizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Limebeba kabeji na viazi kwenda Nairobi tangu nikiwa mtoto. Karo yangu yote ya chuo kikuu, kuanzia mwaka wa kwanza hadi nikapata shahada ya sayansi ya kompyuta, ilitoka kwenye lori hilo. Sasa Julai iliyopita likaanza kusumbua asubuhi. Mwanzoni lilikuwa linazungushwa sana kisha linawaka. Baadaye likawa halitaki kuwaka mpaka lisukumwe na vijana wa kijiji. Mwishowe likakataa kabisa. Stata inazunguka, injini inageuka, lakini haishiki.

Fundi wa kwanza alilitazama dakika kumi akasema pampu ya nozo imekufa, na kuifanyia kazi upya ni shilingi 45,000. Mjomba hakuwa na pesa hizo. Kabeji zilikuwa zimekatwa, mnunuzi wa Nairobi anapiga simu kila saa, na kuna mtu wa vyuma vikuukuu aliyekuwa amesema atapita Jumamosi kuona kama wataelewana bei. Mjomba akanipigia simu mimi. "Kijana, wewe si umesomea mashine?"

Nilisomea mashine za aina nyingine, lakini ungekuwa wewe ungemjibu nini mtu aliyekulipia karo?

Kosa langu la kwanza

Nilipanda matatu Ijumaa asubuhi na jawabu tayari mfukoni. Nilijua mambo mawili: lori linakataa asubuhi, na Julai kule juu ni baridi kali. Nikahitimisha kwamba shida ni hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha joto ndani ya injini kabla ya kuiwasha. Nikanunua nne njiani, shilingi 1,500 kila moja. Tukazifunga, tukazungusha stata, na hakuna kitu. Zile za zamani nilizipima baadaye kwa mita ya umeme. Zote nne zilikuwa nzima!

Kwa hiyo shilingi 6,000 zilikwenda kwa sababu niliona vitu viwili vikitokea pamoja nikaamua kwamba kimoja kimesababisha kingine. Kazini ningemcheka mwenzangu akifanya hivyo. Hapo ndipo nilipokaa kwenye gogo, nikatoa simu, nikaanza kusoma injini hii ilitoka wapi. Sikuwa najistarehesha. Nilitaka kujua kila kifaa kilichomo kiliwekwa kwa sababu gani, maana ukijua kifaa kiliwekwa kutatua shida gani, utajua kikifa ni shida gani itakayorudi.

Mtu aliyetaka moto bila cheche

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Alisoma Munich, na mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, yule mtaalamu wa mashine za kutengeneza barafu. Diesel alikerwa na jambo moja: injini za mvuke za wakati ule zilipoteza sehemu kubwa sana ya nishati ya makaa. Nyingi zilifanya kazi kwa kama asilimia 10 tu ya nishati hiyo, iliyobaki ikapotea kama joto.

Wazo lake unaweza kulijaribu nyumbani. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, sukuma kwa nguvu mara kadhaa. Pampu itapata joto. Hewa ikibanwa haraka huwa moto. Diesel akasema: tuibane hewa peke yake ndani ya silinda mpaka iwe moto kupita kiasi, kisha ndipo tuingize mafuta. Mafuta yatajiwasha yenyewe, bila cheche na bila plagi ya umeme. Alipata hataza ya wazo hilo Ujerumani mwaka 1893, na mwaka huo huo kiwanda cha mashine cha Augsburg kikamjengea injini ya majaribio.

Tarehe 10 Agosti 1893 wakaijaribu. Injini ilizungushwa kwa mkanda kutoka mitambo ya kiwanda, wakaingiza mafuta ya petroli, ikalipuka! Kipimo cha mbano kikapasuka vipande vipande, na Diesel na mwenzake wakanusurika. Injini haikuendesha chochote siku ile, lakini lilikuwa jibu: mafuta yamewaka bila cheche. Tarehe 17 Februari 1894 injini ikajizungusha yenyewe kwa takriban dakika moja. Ikachukua miaka mingine mitatu ya kubomoa na kuunda upya. Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich akaipima rasmi na kupata kwamba asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta iligeuzwa kuwa kazi. Hakuna injini nyingine ya joto iliyokuwa imefika hapo.

Ukitazama vizuri utaona kwamba tangu siku zile injini ya dizeli inahitaji mambo matatu tu. Kwanza, izungushwe kwa kasi ya kutosha. Pili, hewa ibanwe vizuri mpaka iwe moto. Tatu, mafuta yaingie yakiwa yametawanyika kama ukungu, na kwa wakati wake. Hayo yakitimia, itawaka. Isipowaka, moja kati ya hayo matatu halipo. Orodha hii haijabadilika kwa zaidi ya miaka 130.

Hewa ilipokuwa mbeba mizigo

Kati ya hayo matatu, lililomtesa Diesel kuliko yote ni la tatu. Fikiria: ndani ya silinda hewa imebanwa kwa nguvu za ajabu, na wewe unataka kupenyeza tone la mafuta humo humo. Utasukuma kwa nini? Jibu lake lilikuwa hewa nyingine, iliyobanwa zaidi ya ile ya ndani. Injini ya mwaka 1897 ilipuliza mafuta ndani ya silinda kwa hewa hiyo.

Njia hii ilifanya kazi vizuri, lakini ilidai mashine ya pembeni ya kubana hewa, yenye uzito wake na matatizo yake. Kwenye kiwanda si neno, na kwenye meli si neno. Meli ya Denmark iitwayo Selandia ilisafiri baharini kwa injini za dizeli mwaka 1912. Lakini weka mzigo huo kwenye gari la barabarani uone! Diesel mwenyewe alipotea usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 akiwa ndani ya meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza, na mwili wake ukapatikana baharini siku kadhaa baadaye. Hakuishi kuona malori ya injini yake yakiuzwa.

Waliokuja baada yake ndio walioiondoa ile mashine ya hewa. Mwaka 1909 Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz alipata hataza ya chumba kidogo cha kutangulia. Mafuta yanaingia kwenye kijichumba kando ya silinda, sehemu yake inawaka humo, na mlipuko huo mdogo unayapuliza yaliyobaki kwenye silinda yenyewe. Kwa njia hiyo huhitaji nguvu kubwa sana ya kusukuma. Lakini kila dawa ina madhara yake. Kuta za kijichumba kile zikiwa baridi hunyonya joto la hewa, na injini huwa ngumu kuwaka asubuhi. Hapo ndipo zilipohitajika hita plagi. Kwa hiyo nilizonunua mimi ni kiraka cha tatizo lililoletwa na suluhisho la tatizo lingine. Nyinyi mnaoandika programu mnaelewa ninachosema...

Mwaka 1923 Benz wakalifanyia majaribio lori la dizeli barabarani, na mwaka 1924 kampuni ya MAN, ambayo ilitokana na kile kiwanda cha Augsburg, ikaonyesha la kwake lililoingiza mafuta moja kwa moja kwenye silinda. Yote mawili hayakubeba mashine ya kubana hewa. Mafuta yalisukumwa na pampu, kwa nguvu ya mafuta yenyewe.

Tatizo likawa pampu hiyo. Ndani yake mna vipistoni vyembamba ambavyo nafasi kati yake na ukuta wake ni maikromita chache, nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Kila kipistoni hupima tone dogo la mafuta na kulisukuma kwa nguvu zaidi ya mara 100 ya kanieneo ya hewa ya kawaida, maelfu ya mara kwa saa, bila kukosea. Nani angeweza kutengeneza kitu kama hicho kwa wingi? Robert Bosch wa Stuttgart, ambaye biashara yake kubwa ilikuwa vifaa vya cheche za injini za petroli. Dizeli haihitaji cheche, kwa hiyo kama dizeli ingeshinda, biashara ile ingekuwa hatarini. Mwaka 1922 akaamua kuingia upande wa pili, na mwishoni mwa mwaka 1927 kiwanda chake kikaanza kutoa pampu hizo kwa wingi. Tangu hapo kampuni yoyote ya malori iliweza kununua pampu iliyo tayari. Pampu ya lori la mjomba ni mjukuu wa pampu ile, yenye mpangilio ule ule: vipistoni vinne kwenye mstari, kimoja kwa kila silinda.

Sasa shika neno hili, maana ndilo lililonifumbua macho. Mwaka 1897 hewa ndiyo iliyobeba mafuta. Malori ya miaka ya 1920 yalipoifukuza hewa kwenye kazi hiyo, hewa ikageuka adui. Mafuta ni kimiminiko, huwezi kuyabana, kwa hiyo ukiyasukuma upande mmoja wa paipu, nguvu inafika upande wa pili papo hapo na nozo inafunguka. Hewa inabanika. Kiputo kidogo kikiingia kwenye paipu, pampu itasukuma, kiputo kitajikunja, kisha kitajikunjua, na nozo haitafunguka ng'o. Pampu nzima, nozo nzima, injini nzima, na lori haliwaki.

Swali la Mzee

Jioni ile alipita jirani, mzee ambaye zamani alikuwa fundi wa malori. Hakugusa kitu. Aliuliza tu:

"Mkizungusha, moshi unatoka wa rangi gani?"

Tukatazamana. Mjomba akasema, "Hautoki moshi, Mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi mnabadilisha hita plagi za nini? Mtu hapulizi jiko ambalo halina kuni."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ushahidi ulikuwa mbele yetu siku zote! Kama shida ingekuwa joto, yaani hita plagi mbovu au mbano hafifu, mafuta yangeingia yasiungue, na tungeona moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi. Moshi mweusi ungemaanisha mafuta yapo lakini hewa haitoshi. Kukosa moshi kabisa kunamaanisha mafuta hayafiki. Lile jambo la tatu.

Kuanzia hapo Mzee alikwenda kwa mpangilio. Kwanza akahakikisha waya wa kuzimia injini umerudi mahali pake, maana ukikwama pampu haitoi kitu. Kisha akanituma nilete dumu la dizeli safi na mpira mpya. Akachomoa mpira unaotoka kwenye tangi, akaunganisha ule mpya kutoka kwenye dumu, na kunishikisha dumu juu. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa, akasukuma pampu ya mkono. Ikatoka povu. Akaendelea kusukuma mpaka ikatoka dizeli tupu isiyo na kiputo, akakaza. Akalegeza nati za paipu kwenye nozo, mjomba akazungusha stata mpaka dizeli ikaruka kwenye kila moja, akazikaza tena.

Mjomba akazungusha mara ya pili. Moshi mweupe, kikohozi kimoja, viwili... halafu injini ikashika! Mama watoto wake alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Lori lilikuwa linanguruma huku likinywa dizeli kutoka kwenye dumu mkononi mwangu. Maana yake pampu ya shilingi 45,000 ilikuwa nzima. Ubaya ulikuwa kati ya tangi na pampu. Tukaukagua ule mpira wa zamani, na karibu na klipu tukakuta ufa mdogo. Nikauliza mbona haukuwa unadondosha dizeli. Mzee akasema upande ule pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo mpira uliopasuka hautoi mafuta nje, unaingiza hewa ndani.

Na kwa nini asubuhi tu? Baridi haikuhusika. Mjomba alikuwa amebadilisha mahali pa kulaza lori, siku hizi analiegesha kwenye mteremko, kichwa kikitazama juu. Usiku kucha dizeli ilikuwa inarudi tangini taratibu, na hewa inachukua nafasi yake kupitia ule ufa. Mpira mpya na klipu mbili havikufika shilingi 500.

Ukikutana na lori la namna hii

Nakuachia mpangilio kwa ufupi, kwa malori ya zamani yasiyo na kompyuta:

1. Je, injini inazunguka kwa kasi? Kama inajikokota, anza na betri, vichwa vyake na stata. Ikizunguka polepole hewa huvuja pembeni mwa ringi na joto hupotelea kwenye vyuma.

2. Je, moshi unatoka? Usipotoka, fuata mafuta: tangi, mpira, filta, maji kwenye dizeli, waya wa kuzimia, hewa kwenye paipu. Ukitoka mweupe, fuata joto: hita plagi, mbano, au pampu iliyofungwa nje ya wakati wake.

3. Usinunue kifaa kabla hujajua mafuta yameishia wapi. Dumu na mpira vitakuambia bure.

4. Usipulize petroli kwenye njia ya hewa ili kuilazimisha, hasa kama hita plagi zimeshika moto. Kumbuka yaliyotokea Augsburg tarehe 10 Agosti 1893.

Malori mapya ni habari nyingine. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani iliweka kwenye malori ya Hino mfumo ambao mafuta yaliyobanwa hukaa tayari kwenye reli moja, na kompyuta ndiyo inayoamua kila nozo ifunguke lini. Unachomeka kifaa cha kupimia, kinakusomea namba ya hitilafu. Hiyo ni kazi ya watu kama mimi, na ninaipenda. Lakini hata namba hiyo itakuambia tu kwamba mafuta hayana nguvu ya kutosha kwenye reli. Kwa nini hayana, bado utalazimika kuinama chini ya lori.

Jumamosi mtu wa vyuma vikuukuu alifika saa nne. Hakukuta lori. Lilikuwa limeondoka saa kumi alfajiri na kabeji, na mimi nikiwa nimekaa kiti cha mbele nikisinzia. Zile hita plagi nne bado ninazo, moja nimeiweka juu ya meza yangu kazini. Kila ninapotaka kubadilisha kitu kwenye programu kwa kukisia, naitazama kwanza, halafu najiuliza: moshi umetoka wa rangi gani?

Kama nawe una lori, trekta au pampu ya maji iliyowahi kukusumbua hivi, niandikie uniambie ilikuwa nini. Mpaka wakati mwingine, kwaheri.